Sifuri si tupu: kupanga viwanja vya ndege kwa kazi zake

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu hivi, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimezama ndani ya jedwali moja la viwanja vya ndege, na leo nataka kuwaeleza jinsi jedwali hilo lilivyonitia adabu.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Kampuni moja ya washauri (sitaitaja) ilitakiwa kupendekeza ni viwanja vipi vidogo vya ndege katika eneo moja la kaskazini mwa Kenya vitengewe pesa za ukarabati kwanza. Wao walikuwa na takwimu kwenye faili za Excel, nami nikaitwa kujenga hifadhidata na programu ndogo ya kuvipanga kwa madaraja. Nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya siku ya kukabidhi kazi ikikaribia: nikaweka safu moja, nikaiita "daraja", nikairuhusu kubeba thamani nne tu. Kisha nikaandika kanuni. Abiria wengi, daraja la juu. Abiria wachache, daraja la chini. Programu ikafanya kazi bila hitilafu hata moja.

Uwanja uliotoka wa mwisho kabisa ulikuwa na abiria sifuri kwa mwaka mzima. Hapakuwa na ofisi ya uwanja ya kupigia, kwa hivyo nikapiga simu kituo cha afya kilicho karibu ili nihakikishe. Akapokea muuguzi, mama wa makamo kwa sauti yake.

"Sista, rekodi zangu zinaonyesha hakuna abiria hata mmoja aliyepanda ndege hapo mwaka huu."

"Rekodi za nani, mwanangu?"

"Za ofisini."

"Ofisi ipi? Hapa hakuna mtu wa kuhesabu. Kuna mti, kuna kile kitambaa cha kuonyesha upepo, na kuna mimi. Ndege ikija, ni mimi ninayefukuza mbuzi. Mwezi jana tumepakia akina mama wawili waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua. Hao umewaandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye faili ya Excel, nikakuta kisanduku cha uwanja ule hakina sifuri. Kilikuwa kitupu. Ni programu yangu iliyogeuza tupu kuwa sifuri, kwa sababu niliiamuru hivyo ili hesabu isikwame. Wenzangu mnaotumia hifadhidata mnaijua tofauti hiyo tangu darasa la kwanza la SQL. Sifuri maana yake tumehesabu na hakuna kitu. Tupu maana yake hakuna aliyehesabu. Mimi nilizichanganya kwa mstari mmoja wa msimbo, na mstari huo ungeweza kuufunga uwanja.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma namna nchi mbalimbali zinavyopanga viwanja vyake, na nimefikia maoni ambayo nayaweka hapa mezani. Maoni yenyewe ni haya: uwanja wa ndege upangwe kwa kazi unazofanya, si kwa ukubwa wake wala kwa jina lake, na kazi hizo ziwe zaidi ya moja.

Kwanza, tusichanganye kipimo cha ndege na kipimo cha kazi

Ukimwuliza mhandisi uwanja fulani ni wa aina gani, huenda akakujibu "4E" au "2B". Hiyo ni kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Tarakimu, kuanzia 1 hadi 4, inahusu urefu wa njia ambao ndege inahitaji ili iruke: 1 ni chini ya mita 800, na 4 ni mita 1,800 au zaidi. Herufi, kuanzia A hadi F, inahusu upana wa mabawa: A ni chini ya mita 15, na F ni kuanzia mita 65 hadi chini ya 80. Dash 8 Q400 na Boeing 737-800 zote ziko kwenye herufi C, ingawa moja ni ya mapangaboi na nyingine ni ya jeti.

Kanuni hii ni nzuri sana kwa kazi yake. Inamwambia mjenzi upana wa njia na nafasi ya kugeuzia. Lakini haisemi lolote kuhusu sababu ya uwanja kuwepo. Ni sawa na kuyajua magari kwa saizi ya magurudumu. Utajua ni lori au ni gari dogo, hutajua kama ni ambulensi.

Kuna neno jingine linalotuvuruga hapa kwetu, nalo ni "kimataifa". Kila kiongozi anataka uwanja wa kimataifa kwao. Wananchi wakilisikia neno hilo wanaona majengo ya vioo na ngazi za umeme. Kumbe maana yake rasmi ni nyepesi: ni uwanja ambao serikali imeuteua kuwa mlango wa kuingilia na kutokea nchini, penye forodha, uhamiaji, afya ya umma na ukaguzi wa mifugo na mimea. Ni huduma, haihusu ukubwa. Uwanja wa Wilson hapa Nairobi ni mdogo ukilinganisha na ule wa Jomo Kenyatta, lakini kwa miaka mingi ndege zimekuwa zikitoka pale kwenda Somalia na Sudan Kusini. Katika hifadhidata yangu mpya, "kimataifa" ni kisanduku cha ndiyo au hapana. Hakipandishi uwanja daraja.

Wengine wanafanyaje?

Marekani wana mpango wa taifa wa viwanja vya ndege, unaofahamika kwa kifupi kama NPIAS, wenye viwanja kama 3,300. Ukiwemo humo, unaweza kuomba pesa za serikali kuu. Viwanja vikubwa vinapangwa kwa asilimia ya abiria wote wanaopanda ndege nchini. Asilimia 1 au zaidi, wewe ni kitovu kikubwa. Kuanzia asilimia 0.25 hadi chini ya 1, kitovu cha kati. Kuanzia 0.05 hadi chini ya 0.25, kitovu kidogo. Chini ya hapo, lakini ukiwa na abiria zaidi ya 10,000 kwa mwaka, bado unahesabiwa miongoni mwa viwanja vya msingi.

Umoja wa Ulaya, katika miongozo yake ya mwaka 2005, ulitumia idadi kamili badala ya asilimia: zaidi ya abiria milioni 10 kwa mwaka, kundi A, milioni 5 hadi 10, kundi B, milioni 1 hadi 5, kundi C, chini ya milioni 1, kundi D.

Msomaji, usikimbilie kunakili. Fanya hesabu kwanza. Marekani mwaka 2019 abiria waliopanda ndege walizidi milioni 900, kwa hivyo asilimia 1 yao ni zaidi ya milioni 9. Sasa chukua nchi ya mfano ambayo abiria wanaopanda kwa mwaka ni milioni 5. Asilimia 1 ni watu 50,000, yaani kama 137 kwa siku. Dash 8 Q400 mbili zikijaa zimewamaliza. Ukitumia kipimo cha Marekani, uwanja wa ndege mbili kwa siku unaitwa kitovu kikubwa. Ukitumia kipimo cha Ulaya, viwanja vyako karibu vyote vinaangukia kundi D na hujatofautisha chochote. Namba ilitengenezwa kwa nchi fulani, na haivuki mpaka bila pasipoti.

Lakini kuna jambo moja la Wamarekani ambalo ningependa tuliige. Mwaka 2012 mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, ilichapisha uchunguzi wa viwanja 2,952 ambavyo vingi havina ndege za ratiba, ikavipa majukumu manne: ya kitaifa, ya kimkoa, ya kienyeji na ya msingi. Namna ya kuingia katika jukumu la msingi ndiyo iliyonifurahisha. Unaweza kuingia kwa kuwa na ndege 10 zinazolala pale. Unaweza pia kuingia kwa kuwa uko maili 30 au zaidi kutoka uwanja mwingine ulio kwenye mpango. Au kwa kuwa idara ya misitu inakutumia, au posta. Kwa maneno mengine, upweke wako ni sababu, na huduma yako ni sababu, hata kama abiria hawapo.

Jambo la pili katika uchunguzi ule ni uaminifu wake. Viwanja 497 havikutoshea kundi lolote, nao wakaandika hivyo hivyo: havijaainishwa. Hawakuvilazimisha. Mimi katika safu yangu ya thamani nne sikuwa na nafasi ya kusema "sijui".

Viwanja vyetu vinavyotufundisha

Tuje nyumbani. Nitatoa mifano minne.

Wilson. Umepewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Ukiupima kwa abiria tu, utaonekana mdogo. Lakini pale kuna shule za urubani, ndege za watalii wa Maasai Mara, ndege za misaada, na Madaktari wa AMREF wanaoruka, huduma iliyoanza mwaka 1957. Isitoshe, kila Cessna inayotua Wilson ni Cessna ambayo haikujipanga foleni nyuma ya ndege kubwa kule Embakasi. Wamarekani wana jina rasmi la kazi hiyo: uwanja wa kupunguza msongamano. Sisi tunaifanya bila kuiandika, na jambo lisiloandikwa halitengewi bajeti.

Eldoret. Uwanja ule ulipojengwa katika miaka ya 1990, wakosoaji walisema ni pesa zilizomwagwa kwa sababu za kisiasa. Sitaufufua ubishi huo leo. Njia yake ina karibu kilomita 3.5, na ndege za mizigo kutoka ng'ambo zimekuwa zikishusha bidhaa pale. Sasa angalia jambo moja la fizikia. Uwanja uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyembamba, mabawa na injini hazipati nguvu kama zinavyopata Mombasa, na ndege nzito haiwezi kuruka na mzigo wote ambao ingeubeba pwani kwenye njia ya urefu huo huo. Kutua imejaa ni jambo moja, kuruka imejaa ni jambo jingine. Ukiandika tu "tani kadhaa kwa mwaka" umeficha swali ambalo mkulima wa maua au wa parachichi angetaka kuliuliza: tani za kuingia au za kutoka?

Lokichogio. Mji huu wa Turkana karibu na mpaka wa Sudan Kusini ulikuwa kituo kikuu cha misaada baada ya mpango wa Operation Lifeline Sudan kuanza mwaka 1989. Ndege za shehena zilipishana pale mchana kutwa. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 na uhuru wa Sudan Kusini mwaka 2011, kazi nyingi zilihamia Juba. Njia ya ndege ni ile ile, latitudo ni ile ile, kazi ndiyo iliyoondoka. Kama hifadhidata yako haina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha kwa kila kazi, itaendelea kumsifu marehemu kana kwamba yuko ofisini.

Mombasa. Tarehe 7 Agosti 2013 jengo la abiria wanaowasili kutoka nje liliungua pale Jomo Kenyatta. Ndege zilizokuwa njiani zilielekezwa kwingine, na Mombasa ukawa miongoni mwa viwanja vilivyozipokea. Siku hiyo kazi kubwa ya uwanja wa Moi haikuwa utalii, ilikuwa kuwa mbadala wa Nairobi. Kazi hiyo haionekani kwenye takwimu za siku za kawaida, kama vile gurudumu la akiba halionekani mpaka lile jingine litoboke.

Ningeweza kuongeza nzige wa mwaka 2020. Ndege za kunyunyizia dawa zilifanya kazi kutoka viwanja vya kaskazini, na hazikubeba abiria yeyote. Kwa kanuni yangu ya kwanza, kazi yote ile ingehesabiwa sifuri.

Jedwali jipya

Basi nimelivunja jedwali. Badala ya safu moja ya daraja, sasa nina majedwali matatu. La kwanza lina viwanja, pamoja na vipimo vyake vya kudumu: mahali, mwinuko, urefu wa njia, aina ya udongo au lami. La pili lina kazi: abiria wa ratiba, mizigo, uokoaji wa wagonjwa, mbadala, kupunguza msongamano, utalii, mafunzo, ulinzi na dharura. La tatu linaunganisha mawili ya kwanza, na kila mstari wake una mambo manne: uwanja, kazi, kuanzia lini hadi lini, na ushahidi ni upi. Uwanja mmoja unaweza kuwa na mistari sita. Mwingine mmoja. Mwingine hauna, na hapo programu huandika "haujaainishwa" badala ya kuutupa mkiani.

Kwa takwimu, kila namba sasa ina jirani yake: imehesabiwa, imekadiriwa, au haijahesabiwa. Programu inakataa kujumlisha kisanduku kilicho tupu kimya kimya. Inapiga kelele kwanza.

Nimeongeza pia umbali hadi uwanja mwingine unaoweza kufanya kazi ile ile. Si uwanja wowote ulio karibu, bali unaofanya kazi hiyo. Swali lililo nyuma ya safu hiyo ni rahisi hata kwa asiyejua kompyuta: uwanja huu ukifungwa kesho, ni nani ataumia, na itambidi aende mbali kiasi gani?

Najua mtakachosema

Rafiki yangu mmoja mhasibu alisoma rasimu ya mpango huu akacheka. Akasema, "Wewe umefungua mlango wa siasa. Abiria wanahesabika. Kazi zinadaiwa. Kila mheshimiwa atasema uwanja wa kwao unaokoa wagonjwa."

Ana hoja, nami siifichi. Idadi ya abiria ni vigumu kuitia chumvi, kwa sababu kuna tiketi. Madai ya kazi ni rahisi kuyatia chumvi. Lakini namjibu kwa mambo mawili.

La kwanza, ndiyo maana kila mstari una safu ya ushahidi. Ndege ya wagonjwa ikitua, rubani ana kumbukumbu ya safari na kituo cha afya kina barua ya rufaa. Asiyeleta ushahidi anabaki "haijahesabiwa", na hiyo si daraja la juu wala la chini. Ni deni la kazi kwetu sisi tunaopanga.

La pili ndilo muhimu zaidi. Kazi ikishatajwa, inakuja na mahitaji yake, na mahitaji hayo yana mipaka pande zote mbili. Uwanja wa uokoaji wa wagonjwa unahitaji njia isiyogeuka tope wakati wa masika, ua wa kuzuia mifugo, kitambaa cha upepo, na mtu mwenye simu. Hauhitaji ukumbi wa wageni mashuhuri. Hauhitaji njia ya kilomita tatu. Ukiupanga kwa kazi, unajua cha kujenga, na unajua pia cha kukataa kujenga. Mheshimiwa akidai uwanja wa kwao ni wa wagonjwa, tumkubalie, kisha tumpe ua na changarawe. Madaraja ya namba ndiyo yanayozaa tamaa, maana kila aliye daraja la nne anataka la tatu, na aliye la tatu anataka la pili, hata kama hakuna ndege ya kutua huko. Kazi haina ngazi ya kupanda. Wagonjwa hawako chini ya watalii, wala mizigo haiko juu ya mafunzo.

Kuna gharama, sikatai. Majedwali matatu ni magumu kuyaeleza kuliko safu moja. Mkubwa anayetaka orodha ya 1 hadi 40 kwenye ukurasa mmoja hatafurahi. Nilipowasilisha, niliulizwa mara tatu, "Lakini ni upi wa kwanza?" Nikajibu mara tatu, "Wa kwanza kwa kazi gani?" Mara ya tatu mmoja wao akavuta kiti, akaanza kuuliza maswali ya maana.

Mwisho wa habari

Ripoti imeshakabidhiwa. Uamuzi wa pesa si wangu, na sitawadanganya kwamba uwanja ule umepata ua wake. Ninachojua ni kwamba hauko tena mwisho wa orodha kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja aliyekaa Nairobi na kikombe cha chai.

Kabla ya kufunga kazi nilimpigia simu sista tena, nikamwomba awe anaandika kila ndege inayotua: tarehe, imeleta nini, imechukua nini. Akasema daftari analo, la mistari, alilobakiza mtoto wake shuleni. Baada ya majuma matano nikampigia. Akanisomea polepole, kama mtu anayesoma hati. Ndege tisa. Wagonjwa saba, chanjo mara mbili, na fundi mmoja wa jokofu la dawa.

Nikayaingiza mwenyewe kwa mkono. Kwenye safu ya ushahidi niliandika: daftari la muuguzi. Kisanduku si kitupu tena.

Kama unakaa karibu na uwanja mdogo wa ndege, popote pale, niandikie hapo chini: ndege zinazotua huko huleta nini, na kuna anayezihesabu? Nitasoma maoni yote. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda, na safari hii sitakaa kimya muda mrefu.